Pasipoti imeisha, viza ingali: mambo ya kujua kwa Wakongomani walio inje

Pasipoti ya Kongo inadumu miaka 5 tu. Kwa mwanafunzi wa Bukavu anayesoma Johannesburg, ao mama wa Goma aliyemfuata bwana yake Ufaransa, mara nyingi inaisha wakati viza ya kukaa muda mrefu ingali na miezi mbele. Ndipo woga unaanza: pasipoti mpya iko mkononi, viza imebakia ndani ya ile ya zamani.

Jibu linategemea inchi. Ufaransa, viza inabaki pale ilipobandikwa na inaendelea kuwa na nguvu mpaka tarehe yake. Mwenyewe anasafiri na pasipoti zote mbili, anazionyesha pamoja mpakani. Marekani ni vilevile. Huko ukibandua viza ili uibandike katika pasipoti mpya, umeiua.

Kwa hiyo, unapoomba pasipoti mpya ku ubalozi wetu, sema mapema: “Mule ndani muna viza, naomba munirudishie.” Pasipoti ya zamani kwa kawaida inakatwa pembe ao kutobolewa. Mkasi ukigusa ukurasa wa viza, taabu ni yako, si ya aliyekata.

Afrika ya Kusini ni tofauti: viza inahamishwa. Ombi linapitia VFS Global, uamuzi ni wa wizara ya mambo ya ndani. Lakini kuhamisha si kuongeza muda. Tarehe ya kuisha ni ileile. Anayetaka kuendelea kukaa aombe siku 60 ao zaidi mbele ya viza kuisha. Anayepitisha muda kwa siku chache anaweza kufungiwa mlango miezi 12. Akipitisha siku 30, miaka 5.

Uingereza nayo imeacha kadi za ukaaji tangu mwisho wa 2024. Haki ya kukaa iko sasa kwenye intaneti, na ni wewe unayepaswa kuingiza namba ya pasipoti mpya ndani ya akaunti yako. Usipofanya hivyo, kampuni ya ndege inaweza kukosa kukuona.

Na majina! Kwetu mutu ana jina la kwanza, la pili na la ubatizo. Herufi moja ikibadilika katika pasipoti mpya, askari wa mpaka ataona watu wawili. Soma ukurasa wa majina ungali ubalozini, mbele ya kutia sahihi.