RX 6400 au GTX 1650? Jua hili kabla hujatuma hela Kariakoo

Kama uko Kimamba na unahariri video za harusi, au una chumba cha vijana kuja kucheza magemu, kuna uwezekano mkubwa kompyuta yako ilianza maisha kwenye ofisi fulani Ulaya. Dell OptiPlex au HP EliteDesk, prosesa ya Intel kizazi cha sita au cha saba, ikaja kwenye kontena, ikapita Kariakoo, ikapanda basi la Kilosa. Mashine ngumu hizi, hazisumbui. Shida yake ni moja tu: hazina kadi ya grafiki.

Ukianza kutafuta utaona si kila kadi inaingia. OptiPlex 7050 ile nyembamba, kwa mfano, ina pawasaplai ya wati 180 tu na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Unahitaji kadi inayokula umeme wa kwenye sloti peke yake, ambao mwisho wake ni wati 75, na iwe fupi ili boksi lifunge. Hapo ndipo yanabaki majina machache, na mawili ndiyo yanayobishaniwa zaidi: GTX 1650 ya Nvidia na RX 6400 ya AMD.

Kwenye karatasi ni kama mapacha. GTX 1650 ilitoka Aprili 2019 kwa dola 149. RX 6400 ikaingia madukani Aprili 2022 kwa dola 159. Zote zina memori ya gigabaiti 4. Ile ya AMD ni mpya zaidi na inakula wati 53 dhidi ya 75 za mwenzake. Mtu yeyote angekwambia chukua mpya.

Ngoja kwanza.

Kadi huongea na kompyuta kupitia njia za sloti inayoitwa PCIe. GTX 1650 inatumia njia 16. RX 6400 inatumia njia 4 tu, na AMD waliiunda wakitegemea utaichomeka kwenye mazabodi yenye PCIe 4.0, ambako njia hizo 4 zinapitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. Lakini OptiPlex yako ni PCIe 3.0. Huko njia zilezile 4 zinapitisha karibu gigabaiti 4 tu, wakati GTX 1650 kwenye sloti hiyohiyo inapata karibu 16.

Watu wa Kimamba wataelewa haraka. Unaweza kuvuna mkonge shamba zima, lakini kama trekta la kupeleka majani kiwandani ni moja, korona inakaa inasubiri.

Kwenye gemu nyepesi kama Valorant huwezi kuona tofauti kubwa. GTA V nayo kadi zote mbili zinaicheza vizuri kwenye skrini ya 1080p. Shida inaanza pale gemu inapojaza zile gigabaiti 4 za memori. Hapo kadi inalazimika kuvuta data kutoka RAM ya kompyuta kupitia njia zake, na RX 6400 inaanza kukwama kwama. Kwenye mashine ya PCIe 4.0 kadi hizi zinakimbizana karibu sawa. Kwenye 3.0, GTX 1650 inatangulia, na kwenye baadhi ya gemu inatangulia kwa mbali.

Mashine za Intel zilianza kupata PCIe 4.0 kwenye kizazi cha 11, mwaka 2021. Angalia namba ya prosesa yako: i5-6500 au i5-7500 ni kizazi cha sita na cha saba, hazimo.

Sasa kwa wahariri wa video, hii ndiyo itakayowauma. GTX 1650 ina enkoda, yaani kipande ndani ya kadi ambacho kazi yake ni kubana video iwe faili. RX 6400 haina kabisa. AMD waliitoa. Ina uwezo wa kuchezesha video za H.264 na HEVC, ila haiwezi kuzitengeneza. Ukirekodi gemu kwa OBS, au ukitoa video ya send-off ya saa mbili, mzigo wote wa kubana unarudi kwa prosesa. Mteja anataka flash yake kesho asubuhi, wewe bado unaangalia asilimia.

Kuna mlango wa nyuma, tuwe wakweli. Prosesa nyingi za Intel za kawaida zina grafiki ya ndani yenye Quick Sync, nayo inaweza kubana video. Ila baadhi ya mashine huizima zenyewe ukichomeka kadi, kwa hiyo lazima uingie BIOS uiwashe. Na kama yako ni workstation ya Xeon, nyingi za hizo hazina grafiki ya ndani kabisa.

RX 6400 inashinda kwenye umeme, hilo halina ubishi, ila piga hesabu. Tofauti ni wati 22. Ukicheza saa 8 kila siku kwa mwezi, ni kama uniti 5.3. Ukichukua uniti moja kuwa shilingi 356, unaokoa chini ya shilingi 1,900. Faida yake kubwa ni kwa mwenye UPS ndogo au anayetumia sola.

Pia baadhi ya mashine ndogo za ofisini hazitoi wati 75 kamili kwenye sloti. Soma maelezo ya modeli yako kwanza; kama kikomo chake kiko chini, GTX 1650 siyo yako.

Nje ya hapo, kwa mashine ya PCIe 3.0, mimi ningechukua GTX 1650, hasa kwa video. Kuwa makini na jina tu. GTX 1650 Super ni kadi nyingine, inakula wati 100 na inadai waya wa ziada. Hata baadhi ya GTX 1650 za kawaida zina tundu la waya, hivyo omba picha ya upande wa juu wa kadi. Ukikuta yenye memori ya GDDR6 badala ya GDDR5, ni bora zaidi.

Na kuna za kuchakachua: kadi za zamani sana zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijiite 1650. Kutoka Kimamba hadi Dar ni zaidi ya kilomita 250, kurudisha kadi siyo mchezo. Kabla hujatuma hela, mwambie muuzaji aichomeke, afungue programu ya bure inayoitwa GPU-Z, akurekodie video ya skrini. Kadi nyingi za aina hiyo GPU-Z huzitambua na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Muuzaji akianza visingizio, tafuta mwingine.