Uso Unaogeuza Mtikisiko wa Nuru

Nuru itokayo katika kioo cha kikokotoo imekwisha chujwa. Hutikisika katika uelekeo mmoja tu. Mwanafunzi wa Mbangala, mkoani Songwe, aweza kulithibitisha hilo: na azungushe mbele yake miwani ichujayo mitikisiko, kioo kitatiwa giza.

Je, yawezekana kuugeuza mtikisiko pasipo kuzungusha kitu? Naam. Wataalamu husimamisha juu ya bapa vinguzo vidogo kuliko wimbi la nuru, vya mchanganyiko wa gerimani, antimoni na teluri. Mchanganyiko huo ukipashwa moto kwa kiasi, atomu hujipanga kuwa fuwele. Ukiyeyushwa na kupozwa ghafula, mpangilio huvurugika. Kila hali huugeuza mtikisiko kwa namna yake, nayo hudumu hata umeme ukikatwa.