Dhoruba ya Baridi: Kazi ya Halmashauri na Kazi Yetu



Baridi imeingia, na jioni tunayaona magari makubwa yakimwaga chumvi barabarani. Watoto wameuliza: ni ya nani, na dhoruba ikija nani atatusaidia? Leo tujibu maswali hayo.

Kwanza maneno yetu ya wiki. Theluji ni ile nyeupe laini inayoanguka kutoka angani. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Sakitu ni weupe mwembamba tunaoukuta asubuhi kwenye majani na vioo vya magari. Halmashauri ni serikali ya mahali tunapoishi: ndiyo inayozoa taka, kutunza barabara ndogo na kuwaangalia wazee wasiojiweza.

Kwa nini chumvi?

Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Yakichanganyika na chumvi, huhitaji baridi kali zaidi ili yagande. Ndiyo maana magari hutoka kabla barabara haijaganda, na magurudumu ya magari mengine huisaga chumvi hiyo na kuisambaza. Nyingi huchimbwa chini ya ardhi huko Winsford, Cheshire.

Kwa sheria ya England, halmashauri inayosimamia barabara inatakiwa kuhakikisha, kadiri inavyowezekana, kwamba theluji na barafu hazihatarishi wapitaji. Lakini haiwezi kufika kila mahali. Huanza na barabara kubwa, njia za basi na njia za kwenda hospitali. Mtaa wako mdogo huenda usifikiwe kabisa.

Dhoruba Arwen, 2021

Ijumaa tarehe 26 Novemba 2021, idara ya hali ya hewa ilitoa onyo jekundu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, kwa pwani ya mashariki ya Scotland na kaskazini mashariki mwa England. Usiku ule, huko Brizlee Wood, Northumberland, upepo ulifika kasi ya maili 98 kwa saa. Ulivuma kutoka kaskazini, wakati miti ya nchi hii imezoea upepo wa kusini magharibi. Miti mamilioni ilianguka, mingine juu ya nyaya za umeme na mingine katikati ya barabara. Watu watatu walipoteza maisha.

Nyumba zaidi ya milioni moja zilikosa umeme. Nyingi zilirudishiwa mapema, lakini karibu nyumba 4,000 zilikaa gizani zaidi ya wiki nzima. Na hapa umeme ukikatika, si taa tu zinazozimika. Boila ya gesi nayo haiwaki bila umeme. Simu nyingi za mezani za siku hizi hukatika, na simu ya mkononi huisha chaji.

Halmashauri zilifanya mengi. Zilifungua kumbi ambako watu waliota moto, walikula na kuchaji simu. Zilipeleka chakula cha moto vijijini na kuondoa miti barabarani. Bado, katika vijiji vya mbali, kulikuwa na wazee ambao hakuna aliyejua kwamba wako kwenye baridi, kwa sababu hawakuweza kupiga simu. Wiki iliyofuata wanajeshi waliletwa kusaidia, na kazi yao kubwa ilikuwa kugonga mlango mmoja baada ya mwingine na kuuliza: "Hamjambo humu ndani?"

Hapo ndipo penye somo. Halmashauri ina magari, kumbi na wafanyakazi, lakini haiwezi kumsaidia mtu ambaye haijui kwamba yupo. Wazazi waliokulia Tanzania wanamkumbuka balozi wa nyumba kumi, aliyejua nani mgonjwa na nani ana kichanga. Hapa hatuna balozi, kwa hiyo inabidi tujitambulishe wenyewe.

Tufanye nini?

*Jiandikishe.* Makampuni yanayosambaza umeme yana orodha ya wateja wanaohitaji kipaumbele. Ni bure. Ni ya wazee, wagonjwa wanaotumia mashine nyumbani, familia zenye watoto chini ya miaka mitano, na hata wasiojua Kiingereza vizuri. Kama bibi au babu anaishi nanyi, hakikisheni jina lake limo.

*Shika namba 105.* Umeme ukikatika, piga 105. Ni bure katika England, Scotland na Wales. Andikeni namba hiyo kwenye karatasi, kwa sababu simu ikizima namba zilizomo ndani hazisaidii.

*Jiko la mkaa lisiingie ndani.* Hapa nasema kama muuguzi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala asiamke. Hata jiko likionekana limebaki makaa tu, bado linaua. Vaeni nguo nyingi, kaeni chumba kimoja, jifunikeni pamoja.

*Safisha mbele ya mlango.* Kuteguka na kuvunjika mkono au nyonga huanzia hapo. Ondoa theluji kwa koleo, kisha nyunyiza chumvi. Usimwage maji ya moto, yataganda tena na kuwa barafu mbaya zaidi.

*Gonga mlango wa jirani.* Dhoruba ikitangazwa, msisubiri ipite. Muulizeni mapema kama ana chakula, dawa na blanketi.

Kazi ya nyumbani

Watoto, kabla ya Jumamosi ijayo fanyeni haya mawili. Waulizeni wazazi kama familia yenu inafaa kuwa kwenye ile orodha ya kipaumbele. Kisha andikeni sentensi tano kwa Kiswahili kuhusu jirani mmoja: anaitwa nani, anaishi na nani, na angehitaji nini umeme ukikatika siku tatu. Kama hamjui jina lake, nendeni na mzazi mkamsalimie.

Tuonane Jumamosi, na msisahau glavu.