Kabla ya kununua kofia ya leza, legeza msuko

Mwanamke ambaye nywele zinamnyonyoka pembeni mwa paji la uso, awe Kapsokwony, Kimilili au Kitale, hakawii kukutana na tangazo la kofia ya leza kwenye simu yake. Kofia hiyo ina taa nyekundu ndani, huvaliwa kwa dakika chache mara kadhaa kwa wiki, na muuzaji huahidi nywele mpya. Ng'ambo huuzwa kwa mamia ya dola. Kwa mkulima wa viazi au vitunguu katika miteremko ya Mlima Elgon, hizo ni karo za watoto, na ndiyo maana inafaa aelezwe ukweli wote kabla hajafungua pochi.

Tiba yenyewe si ulaghai. Mnamo 1967, daktari Endre Mester wa Budapest, Hungaria, alinyoa migongo ya panya na kuimulika kwa leza ya nguvu ndogo ili ajue kama mwanga huo huleta saratani. Saratani hakuiona. Alichokiona ni kwamba nywele za panya waliomulikwa zilirudi upesi kuliko za wenzao. Wataalamu wanaamini kwamba mwanga mwekundu huzipa nguvu seli za shina la nywele, na shina lililokuwa linasinzia likaanza kuotesha tena.

Mwaka 2007 Marekani iliruhusu chanuo la leza la HairMax, lenye mwanga kama wa kofia hizo, liuzwe kwa wanaume, na mwaka 2011 ikawaruhusu wanawake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha wanaume 128 na wanawake 141, waliotumia chanuo hilo au lile la bandia mara tatu kwa wiki kwa wiki 26. Waliotumia la kweli waliongeza takriban nywele 20 katika kila sentimita moja ya mraba. Wale wa bandia waliongeza chache zaidi. Ni nafuu ya kweli, ingawa haimrudishii mtu kichwa cha ujana wake, na utafiti huo uligharamiwa na mtengenezaji.

Lakini kuna mambo mawili ambayo tangazo haliyataji. La kwanza ni rangi ya ngozi. Madaktari huigawa ngozi katika ngazi sita, kuanzia nyeupe kabisa hadi nyeusi kabisa, na kibali cha chanuo lile kilihusu ngazi ya kwanza hadi ya nne. Wakenya wengi tuko katika ngazi ya tano na ya sita. Weusi wa ngozi hufyonza mwanga, kwa hiyo matokeo ya ngozi nyeupe hayawezi kuchukuliwa tu na kubandikwa kwetu.

La pili ni chanzo. Leza ilijaribiwa kwa upara wa kurithi, ule unaosukumwa na homoni. Vichwa vingi vya wanawake wetu vinaumizwa na kitu kingine. Mtazame kwa karibu msichana aliyetoka kusukwa rasta nyembamba za kubana. Ngozi ya paji imevutika hadi nyusi zimepanda, na kandokando ya nywele vimechomoza vipele vidogo. Usiku atameza Panadol ndipo apate usingizi, na atasifiwa kwamba msuko umekaza vizuri. Msuko ukirudiwa hivyo mwaka baada ya mwaka, shina la nywele huchoka, kisha hufa na kuacha kovu. Mwaka 2007 watafiti wa Cape Town, akiwemo daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo, waliripoti kwamba karibu theluthi moja ya wanawake wazima waliowapima walikuwa na upara wa kuvutwa nywele. Penye kovu, hakuna taa itakayootesha kitu.

Watoto nao wana yao. Mabaka ya mviringo yenye magamba kichwani ni mapunye, ugonjwa wa kuvu unaoweza kuenezwa na mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Mafuta ya kupaka pekee hayatoshi. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kama griseofulvin, aliyoandikiwa na mhudumu wa afya. Kwa mama aliyejifungua miezi michache iliyopita, nywele zikimtoka kwa mafungu, mara nyingi hurudi zenyewe.

Basi anza na uchunguzi. Hospitali ya kaunti ndogo iko papo hapo Kapsokwony, na anayehitaji zaidi anaweza kupewa rufaa kwenda Bungoma. Ukanda wetu una wataalamu: tangu 1992, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafunza wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika. Ukiambiwa ni upara wa kurithi, uliza kuhusu dawa ya minoxidil kwanza, kisha leza ukiwa na uwezo.

Na ikiwa tatizo ni msuko, dawa yake haina gharama: mwambie msusi alegeze, pumzisha nywele kati ya msuko na msuko, na ufumue mara tu vipele vinapotokea. Msusi ndiye anayeiona ngozi ya kichwa kabla ya daktari yeyote. Kaunti ya Bungoma, yenye wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba, iwapitishe saluni pia. Msusi akijua kwamba kipele ni onyo, wasichana wengi wa Mlima Elgon hawatafika kamwe mahali pa kutafuta kofia ya leza.