Sakitu ya Garissa ni Mto: Majira ya Kupanda Tikiti Maji Kandokando ya Tana

Neno sakitu limo katika kamusi zetu, na mkulima wa Kinangop anakijua vyema kitu chenyewe: usiku mmoja wa Januari usio na mawingu hutosha kumwunguzia viazi. Mkulima wa Garissa, mji ulio chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, hana haja na neno hilo. Hata hivyo, naye ana tarehe zake za kuogopwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tarehe hizo zinavyoathiri upandaji wa tikiti maji, mmea wa jamii ya maboga unaopenda joto.

Mvua ya Garissa kwa kawaida haifiki milimita 400 kwa mwaka, hivyo mashamba hutegemea pampu za kuvuta maji ya Tana. Lakini Tana haitegemei mawingu ya Garissa. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakapitia bwawa la Masinga na mengine yaliyo chini yake. Mabwawa yakijaa, ziada huteremka na kuzamisha mashamba huku jua likiwaka. Hatari huzidi Aprili na Mei, majira ambayo Wasomali huyaita gu, na tena Novemba na Desemba, katika deyr. Anayetazama mbingu ya Garissa peke yake huwa amechelewa; habari za kusikilizwa ni za Masinga.

Tikiti maji huchukua takribani siku 85 tangu mbegu hadi kuvunwa. Hapa ndipo penye utata, kwani soko lake huchangamka katika Ramadhani, nayo hufuata mwezi, ikirudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa jua. Mto haurudi nyuma nayo. Mwaka 2009 Ramadhani ilianza karibu na tarehe 22 Agosti. Mbegu zilihitajika ardhini mwishoni mwa Mei, mafuriko yanapoelekea kupungua. Kwa ile ya Machi 2024 zilihitajika katikati ya Desemba 2023, ilhali Novemba hiyo mto ulifurika hata barabara ya Garissa na Madogo ikakatika. Ramadhani ya 2028 inatarajiwa mwishoni mwa Januari: hesabu inaangukia mwanzo wa Novemba, deyr ikiwa imepamba moto.

Kuotesha miche vifukoni mahali pa juu huokoa wiki mbili au tatu, lakini kwa 2028 hazitoshi. Tunaona ni heri shamba la Ramadhani liwe juu ya kingo, ingawa pampu italazimika kusukuma maji mbali zaidi na mafuta yataongezeka. Ardhi ya chini isubiri maji yapwe. Tope lililobaki huhifadhi unyevu, na Wapokomo wamelima hivyo kwa vizazi vingi. Mwenye shamba la chini pekee apande mapema Agosti, avune kabla ya Novemba kwisha siku zake za mwanzo, akubali bei ya kawaida.