Mtoto si shahidi wako

Mtoto wa miaka sita hasemi "baba hatoi matunzo." Husema baba hakuja Jumamosi, au viatu vya shule vinambana. Hakimu na afisa ustawi wa jamii wanaijua tofauti hiyo. Neno "matunzo" likitoka kinywani mwa mtoto wa chekechea, macho yote humgeukia mzazi aliyemleta.

Naanzia hapo kwa sababu hilo ndilo kosa linaloniumiza zaidi katika mashauri ya malezi ya watoto hapa Tanzania. Mzazi anaamini mtoto ni shahidi wa upande wake, basi usiku kucha anamkaririsha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, na mahakama inapoamua akae na nani huyazingatia ikiwa ni maoni yake mwenyewe, bila shinikizo. Ya kukaririshwa hayana uzito, na yanaweza kumponza aliyeyapandikiza.

Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Mahakama ya Watoto. Humo shauri husikilizwa faragha, taratibu hulegezwa ili mtoto asiogope, na afisa ustawi wa jamii huwepo. Kabla ya shauri kusikilizwa, mahakama inaweza kumtaka afisa huyo aandae ripoti ya uchunguzi wa kijamii: mtoto analala wapi, nani anampeleka shule, akishikwa na homa nani anakesha naye. Kwa njia hiyo mengi yanamfikia hakimu bila mtoto kusimama mbele ya mtu yeyote. Kwa hiyo usimkatize masomo umburute mahakamani. Mlete pale hakimu anapoagiza.

Kuna suala la umri, ambalo limezua ugomvi mwingi usio na sababu. Akina baba wengi huhesabu miaka: "Ametimiza saba, nimekuja kumchukua mwanangu." Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakisemi hivyo. Kinachosema ni kwamba mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Na hata inapopingwa, mahakama inapaswa kuangalia madhara ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba akifikisha saba anahamia kwa baba. Nanyi akina mama msiitegemee dhana hiyo peke yake, kwa kuwa mahakama hutazama pia kama ndugu watabaki pamoja na kama malezi aliyoyazoea mtoto hayatakatika.

Wewe mzazi, fika tarehe iliyopangwa. Mleta maombi asipotokea, shauri linaweza kufutwa. Mjibu maombi aliyepata wito akiupuuza, linaweza kusikilizwa upande mmoja. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, ripoti za shule na risiti za ada. Habari za nani alimsaliti nani ziache nyumbani, isipokuwa kama jambo lenyewe linamdhuru mtoto.

Na ukipewa malezi, hujapewa ruhusa ya kumficha mtoto. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto haki ya kumtembelea mzazi wake wa pili na kukaa naye, mradi masomo yake yasivurugike. Haki hiyo ni ya mtoto. Kumfungia mlango baba yake kwa sababu hajaleta fedha ya mwezi ni kumwadhibu mtoto kwa kosa la mtu mzima, wakati matunzo yana njia yake ya kudaiwa mahakamani hapo hapo.

Kabla afisa ustawi wa jamii hajabisha hodi, mwambie mwanao mambo mawili tu: aseme ukweli, na lolote atakalosema halitakuudhi. Kisha mlaze mapema, kesho ana shule.