Radi Haingoji Mvua

Wengi wetu huipima hatari ya radi kwa mvua: ikinyesha kwa nguvu tunakimbilia ndani, ikipungua tunatoka kuendelea na kazi. Kipimo hicho hakifai. Mvua na radi huzaliwa katika wingu moja, lakini si lazima zishuke mahali pamoja wala wakati mmoja. Chaji ya umeme hujengeka juu sana, kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 0, ambako hewa inayopanda kwa kasi hugonganisha vipande vidogo vya barafu na punje nzito zaidi. Vile vidogo huchukuliwa hadi kileleni vikiwa na chaji chanya, na punje nzito hubaki chini na chaji hasi. Ndiyo maana radi huweza kutangulia matone ya kwanza. Huweza pia kuchomoka kwenye kilele cha wingu kilichotandazwa na upepo, ikapiga ardhi zaidi ya kilomita 10 kutoka mvua ilipo.

Setilaiti zimethibitisha kwamba mvua na radi haziendi sambamba kila mara. Juu ya bahari za tropiki hunyesha mvua kubwa yenye radi chache, kwa kuwa hewa huko hupanda polepole. Nchi kavu mambo ni tofauti: Kabare, mashariki mwa Kongo, inaongoza Afrika nzima kwa mimweko takriban 205 kwa kilomita ya mraba kila mwaka. Huko Marekani, Oktoba 2017, mmweko mmoja ulisafiri kilomita 829 kutoka Texas hadi karibu na Kansas City, ukipita katika mawingu mapana ya aina ambayo kwa kawaida hutoa mvua hafifu tu.

Atasema mtu kwamba radi nyingi hupiga karibu na penye mvua kubwa. Ni kweli, lakini hapo watu wameshajificha. Anayebaki shambani au uwanjani ni yule anayeona wingu liko mbali, au anayeamini limeshapita. Je, tukimbie kila wingu jeusi? Hapana, sikio latosha: kwa kawaida ngurumo haisikiki mbali zaidi ya kilomita 15 hivi, na umbali huo radi inaweza kuufikia. Ukiisikia, ingia katika nyumba imara au gari lenye paa la chuma, usijifiche chini ya mwembe, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho, hata kama mvua imekatika.